EDWARD BARNARD: MTOTO WA STUDIO ALIYEZIPIGA PICHA NYOTA

Kila mwaka katika jarida letu hili huandikwa habari za washairi, wapigania uhuru na wanariadha. Hao ni watu wetu na wanastahili sifa. Mara hii, walimu wetu wapendwa na wanachama wenzangu, naomba mniruhusu niwaletee mtu wa mbali ambaye hakushika bunduki wala hakukimbia mbio zozote. Kazi yake ilikuwa kukesha. Huyu ni Edward Emerson Barnard, Mmarekani aliyezaliwa tarehe 16 Desemba 1857 na kuaga dunia tarehe 6 Februari 1923. Nimemchagua kwa sababu moja. Ile kazi aliyopewa akiwa mtoto fukara ili apate chochote cha kutia tumboni, ndiyo iliyokuja kumfanya bingwa wa kupiga picha za anga.

Barnard alizaliwa katika mji wa Nashville, jimbo la Tennessee. Baba yake alifariki hata kabla yeye hajazaliwa, kwa hiyo mama yake, Bi. Elizabeth, aliachwa na wavulana wawili na mikono mitupu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, dhiki ikaongezeka. Mashua za jeshi zilipozama mtoni, Edward alikuwa mmoja wa watoto waliokwenda kuokota biskuti ngumu za askari zilizotoka humo. Shule aliiona kwa muda wa miezi 2 hivi, basi. Miezi miwili, jamani! Haifiki hata muhula mmoja wa kwetu. Kusoma alifundishwa na mamake nyumbani.

Mwaka 1866, akiwa hajatimiza miaka 9, alipelekwa kufanya kazi katika studio moja ya picha pale mjini. Juu ya paa la studio hiyo palikuwa na kamera kubwa ajabu ya kukuzia picha. Wakati huo taa za umeme hazikuwapo, hivyo kamera ile ilitegemea mwanga wa jua. Na jua, kama tujuavyo, halitulii. Ilibidi awepo mtu wa kuzungusha magurudumu ya mtambo ule polepole kutwa nzima, ili jua lisiponyoke. Wavulana waliomtangulia walikuwa wakisinzia. Edward hakusinzia. Alisimama juani na kuufuata mwanga ule, siku nenda siku rudi. Kamera yenyewe ilikuwa na jina, nalo lilikuwa Jupiter, yaani ile sayari ambayo sisi huiita Mshtarii. Naomba msomaji alikumbuke jina hilo, tutakutana nalo tena.

Alifanya kazi katika studio hiyo kwa miaka 17. Jioni akirudi nyumbani kwa miguu alizizoea nyota za njiani bila kuzijua majina. Mwaka 1876 mtu mmoja alimkopa dola 2 na kumwachia kitabu kama rehani. Edward hakutarajia kuziona tena dola zake, na kitabu chenyewe alidhani ni cha mahubiri. Kumbe kilikuwa cha elimu ya nyota, na ndani yake mlikuwa na ramani ya anga! Usiku uo huo akawa anatazama ramani, anatazama dirishani, na kwa mara ya kwanza akazitambua nyota alizozizoea kwa majina yao. Kweli, akufaaye kwa dhiki hajulikani atokako.

Mwaka uliofuata alinunua darubini yake mwenyewe, yenye lenzi ya upana wa sentimita 13 hivi, kwa dola 380. Pesa hizo zilikuwa theluthi mbili ya mshahara wake wa mwaka mzima. Mwaka huohuo wa 1877 wanasayansi wa Marekani walikuja Nashville kwa mkutano wao. Kijana wetu alijikaza akamwendea Simon Newcomb, aliyekuwa mtaalamu mkubwa wa nyota nchini humo, kumwomba ushauri. Newcomb alitaka kujua kama anajua hisabati. Aliposikia kwamba hajui, alimweleza kuwa bila hisabati hatafika popote. Inasimuliwa kwamba Edward alijificha nyuma ya nguzo za jengo lile akalia. Lakini alipokwisha kulia alitafuta mwalimu wa kumfundisha hisabati. Hapo ndipo mimi huvua kofia. Wengi wetu huwa tunafika kwenye kile kilio na kuishia hapo.

Mwaka 1881 alimwoa Rhoda Calvert, binti aliyezaliwa Uingereza, ambaye jamaa zake walifanya kazi katika studio ileile. Wakati huo tajiri mmoja alikuwa ametangaza zawadi ya dola 200 kwa kila Mmarekani atakayevumbua nyota mpya yenye mkia. Barnard alianza kukesha akizitafuta, na akazipata, moja baada ya nyingine. Alijenga nyumba kwa mkopo, na kila deni lilipoiva akawa anaomba nyota nyingine ijitokeze. Nyumba ile watu waliiita nyumba ya nyota zenye mkia, maana ndizo zilizoilipia. Mwaka 1883 Chuo Kikuu cha Vanderbilt kilimpa nafasi ya kusoma na kuitunza darubini ya chuo, naye akaiaga studio.

Mwaka 1888 aliajiriwa katika kituo cha Lick, juu ya Mlima Hamilton huko California. Hapo palikuwa na darubini kubwa kuliko zote za lenzi duniani wakati huo, yenye upana wa sentimita 91. Hata hivyo mkubwa wa kituo hakumwachia aitumie. Barnard akawa kama mtu aliyealikwa karamuni akaambiwa akae nje. Basi badala ya kununa alitafuta kazi nyingine ya kufanya, na kazi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Kituoni palikuwa na lenzi kuukuu iliyonunuliwa kutoka studio ya San Francisco. Ilikuwa ya kupigia picha za watu, zile za bwana na bibi harusi. Upana wake ulikuwa sentimita 15 tu. Lakini Barnard, mtoto wa studio, aliijua lenzi ya namna hiyo vizuri. Darubini kubwa huona mbali lakini huona padogo, sawa na kumtazama ndovu kupitia tundu la ufunguo. Lenzi ya studio humwona ndovu mzima, mkonga hata mkia. Na ule ukanda mweupe unaokatiza anga usiku, tunaouita Njia Nyeupe, ndiye ndovu ambaye hakuna aliyekuwa amempiga picha ikaonyesha umbo lake sawasawa.

Aliitia lenzi hiyo katika sanduku la mbao, akalifunga juu ya darubini ndogo. Hapo ikaja taabu. Picha ya nyota hafifu haipigwi kwa kufumba na kufumbua. Bamba la kioo lenye dawa lilitakiwa kukaa wazi kwa saa kadhaa ili mwanga ule mdogo ujikusanye. Lakini dunia yetu huzunguka nyuzi 15 kila saa, na kamera ikiachwa imetulia, kila nyota huchora mstari badala ya nukta. Mtambo wa saa uliizungusha darubini ifuate nyota, ila haukuwa mkamilifu. Basi Barnard alifanya hivi: alichagua nyota moja, akaiweka kwenye makutano ya nyuzi mbili nyembamba ndani ya ile darubini ndogo, na kila ilipotaka kuteleza aliirudisha kwa mkono. Hivyo kwa saa tatu, saa nne, mara nyingine hata sita. Hakuna kwenda kuota moto, hakuna kusinzia. Kosa la dakika chache huharibu kazi ya usiku mzima.

Wenzangu, hebu tazameni. Huyu si yuleyule mvulana wa juu ya paa? Kazi ni ileile ya kuufuata mwanga usioponyoka. Tofauti ni kwamba zamani alifuata jua moja, na sasa alifuata majua elfu nyingi.

Katika kiangazi cha 1889 alizipata picha zilizoushangaza ulimwengu wa wataalamu. Njia Nyeupe haikuwa tena ukungu. Zilionekana nyota zimerundikana kama mawingu, na katikati yake njia na madoa meusi tititi.

Mwaka 1892 hatimaye aliruhusiwa kuitumia ile darubini kubwa, usiku mmoja kwa juma. Ijumaa ya tarehe 9 Septemba aliielekeza kwenye Mshtarii, na kando ya sayari hiyo akaona nukta ndogo. Ulikuwa mwezi wa tano wa Mshtarii. Ile minne mingine ilionwa na Galileo mwaka 1610, na tangu hapo hakuna aliyeongeza. Jupiter ya kwanza ilimpa mkate, Jupiter ya pili ikampa jina.

Mwaka 1895 alihamia kituo cha Yerkes cha Chuo Kikuu cha Chicago, kilichoko Wisconsin. Huko baridi si ya mchezo, na anga ya kusini hukaa chini sana karibu na upeo wa macho. Kwa hiyo mwaka 1905 aliichukua kamera yake mpya yenye lenzi ya sentimita 25, akaisafirisha hadi Mlima Wilson huko California, ambako giza lilikuwa giza kweli. Kwa miezi michache alipiga mamia ya picha. Leo mtu hawezi kuzipata picha hizo mahali pale, kwa sababu taa za Los Angeles zimeifanya anga ya mlima huo kuwa nyeupe.

Yale madoa meusi yalimsumbua kwa miaka mingi. Mwanzoni aliamini ni matundu, yaani mahali pasipo na nyota. Halafu usiku mmoja wa mwaka 1913, alipokuwa akipiga picha, aliona viwingu vidogo vya kawaida vikipita mbele ya Njia Nyeupe. Vilikuwa vyeusi kama wino, vikifanana kabisa na yale madoa. Akaanza kusadiki kwamba mengi ya madoa yale pia ni mawingu, yaliyo mbali mno kati yetu na nyota. Mwaka 1919 alitoa orodha ya madoa 182. Siku hizi tunajua kwamba ni mawingu ya vumbi na gesi, na kwamba ndani ya mengi yake nyota mpya huzaliwa. Mzee mwenye sifa zake, zaidi ya miaka 50, alikubali kubadili mawazo kwa kuwa macho yalimwambia hivyo. Hili nalo si jambo dogo.

Alikusudia kutoa kitabu cha picha bora za Njia Nyeupe. Hakuridhika na uchapishaji wa kawaida, akataka kila picha isafishwe kama picha ya studio. Zikawa nakala 35,700, na alizikagua zote moja baada ya moja. Kisukari kilikuwa kimemwandama, na Bi. Rhoda alifariki mwaka 1921. Barnard mwenyewe alikufa kabla ya kukiona kitabu, akazikwa Nashville alikozaliwa. Mpwa wa mkewe, Mary Calvert, aliyekuwa msaidizi wake, akishirikiana na mkuu wa kituo, walikikamilisha, kikatoka mwaka 1927.

Sasa faida ni yetu. Barnard alilazimika kuhama na mitambo yake ili aione anga ya kusini juu kidogo tu. Sisi tulio kwenye ikweta tumeletewa mlangoni. Likizo ya Agosti, mkiwa mashambani mbali na taa, katika usiku usio na mwezi wala mawingu, tokeni nje kama saa tatu. Itazameni Njia Nyeupe inavyopita utosini. Mtaona imepasuka katikati kwa weusi. Siku hizi hata baadhi ya simu, zikiegemezwa vizuri kwenye jiwe, huweza kuinasa. Mkiulizwa na wadogo zenu ule weusi ni nini, msiseme ni matundu. Waambieni ni mawingu, na mwambieni pia nani aliyekesha mpaka akajua.