Rebmann wa Rabai: Macho Yalizimika, Taa ya Ndani Haikuzimika

Somo la msingi: 3 Yohana 1:2 na 2 Wakorintho 4:16



Wiki hii somo letu ni afya ya roho. Mzee Yohana alipomwandikia Gayo alimwombea mafanikio na afya ya mwili, lakini kipimo alichokitumia ni roho: vile roho ya Gayo ilivyokuwa ikifanikiwa, na mengine yawe hivyo hivyo. Manake roho ndiyo msingi, na hivyo vingine ni nyumba inayojengwa juu yake.

Lakini wapo wanaoushika mstari huu wakaugeuza fimbo. Ndugu akiumwa, wanamwambia imani yako ndogo. Dada akifiwa, wanauliza amekosea wapi. Hebu leo tumwangalie mtumishi mmoja aliyeishi hapa karibu na sisi, kisha kila mtu ajipime mwenyewe.

Johannes Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika mji mdogo wa Gerlingen, kusini mwa Ujerumani. Alikulia kati ya wakristo waliokuwa na desturi ya kukutana majumbani, kusoma Biblia na kuomba pamoja, mbali na ibada ya Jumapili. Alisomea utumishi Basel, Uswisi, halafu London, na mwaka 1846 akashuka Mombasa akiwa kijana wa miaka 26.

Aliyempokea ni Johann Ludwig Krapf. Huyu Krapf alikuwa amemzika mkewe Rosine na kitoto chao kichanga hapa Mombasa Julai 1844, miezi michache tu baada ya kufika. Kwa hivyo Rebmann hakudanganywa na mtu. Tangu siku ya kwanza alijua pwani hii inaweza kumgharimu nini.

Ukisimama upande wa Tudor, nyuma ya kisiwa chetu, utauona mkono wa bahari unavyoingia bara. Njia hiyo ndiyo iliyokuwa ya kuelekea Rabai. Agosti 1846 wawili hao walipanda kwenda kuanza kazi kwa wazee wa Rabai, na wote wawili walikuwa wametoka kwenye homa. Krapf hata kutembea kulimshinda, ikabidi apande punda. Kazi hiyo haikuanza na miili yenye nguvu. Ilianza na watu wagonjwa waliokuwa wazima ndani.

Miaka miwili baadaye Rebmann alifunga safari ya kwenda Uchaga, akiongozwa na Bwana Kheri, mtu aliyezijua njia za misafara. Tarehe 11 Mei 1848 akaona kitu cheupe juu ya mlima mkubwa. Kiongozi wake akakiita baridi. Rebmann akatambua kuwa ni theluji. Alikuwa Mzungu wa kwanza kuandika habari za theluji ya Kilimanjaro.

Sasa sikiliza alichofanya, mpendwa, manake hapa ndipo penye somo. Alikaa chini kupumzika, akafungua Biblia yake, akasoma Zaburi ya 111. Hakuitafuta zaburi ya kufaa mlima. Alikuwa akizisoma kwa mpangilio, na siku hiyo zamu ilikuwa imeifikia hiyo ya 111, inayosifu matendo makuu ya Mungu. Yuko porini, amechoka, mbele yake pana jambo ambalo wenzake Ulaya hawajawahi kulisikia, na bado chakula cha roho cha siku ile hakukiruka. Ndiyo maana mlima ulipotokea, neno la kuupokea lilikuwa tayari mkononi.

Na alilihitaji, manake yaliyofuata hayakuwa matamu. Habari zake zilipochapishwa mwaka 1849, wasomi wa Uingereza walimcheka. Theluji karibu na ikweta? Bwana mmoja aitwaye Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, alibishana naye kwa miaka. Mwaka huo huo wa 1849 Rebmann alirudi Uchaga akitaka kupita hadi Unyamwezi, lakini Mangi Mamkinga wa Machame akamchukulia mali yake ya safari, akarudi Rabai mikono mitupu. Ukweli wa ile theluji ulikuja kuthibitishwa na msafiri mwingine, von der Decken, miaka ya 1861 na 1862.

Mwaka 1851 alimwoa Emma Tyler kutoka Uingereza, wakaishi Kisulutini, pale pale Rabai. Mtoto waliyejaliwa alikufa akiwa mchanga. Krapf alivunjika afya akarudi kwao. Mwenzao Erhardt naye akaondoka. Mwaka 1866 Emma akafariki. Rebmann akabaki karibu peke yake, na macho yakaanza kufifia.

Na waumini? Baada ya miaka zaidi ya 20 walikuwa wachache mno. Ukiweka mizani ya siku hizi, ya umati na vyombo vya muziki, utasema huduma hii imekufa. Lakini yeye alikuwa akiendelea na kazi ambayo haionekani: lugha. Alikaa na Salimini, mtu wa Nyasa aliyekuwa ameuzwa utumwani, akajifunza kwake na kuandika kamusi ya Kinyasa. Aliitafsiri Injili ya Luka kwa Kiswahili. Luka ilichapishwa mwaka 1876, na ile kamusi ikatoka 1877 yeye akiwa amekwisha kufa.

Kati ya wale waumini wachache alikuwemo mzee Abe Gunja na mwanawe Nyondo, aliyebatizwa Isaac. Rebmann alipopofuka, huyu Nyondo ndiye aliyemshika mkono. Mwaka 1875, baada ya miaka 29 bila kurudi kwao Ujerumani hata mara moja, mzee alipanda meli, na Nyondo akaenda naye hadi huko. Aliyekuja kuwaongoza watu wa Rabai aliondoka akiongozwa na mtoto wa Rabai. Alifariki Korntal tarehe 4 Oktoba 1876, katika mji aliokuwa akiishi rafiki yake Krapf.

Tunajifunza nini?

Kwanza, roho hulishwa kwa zamu, sio kwa dharura. Sisi wa Shimanzi tunaishi kati ya matangi ya mafuta. Malori yanajazwa hapa, yanapanda bara, na hakuna dereva anayengoja injini izime Mariakani ndo akumbuke tangi. Lakini roho tunaiacha ikauke, tukipata shida ndo tunakimbilia kesha. Kesha ni zuri. Ila weka pia sura yako ya kila siku, kwa mpangilio, hata kama unatoka shifti ya usiku na una dakika 10 tu kabla ya kulala. Utakuja siku ambayo huwezi kusoma, na siku hiyo utakula ulichoweka akiba.

Pili, mwili kuchakaa si ushahidi kwamba roho imechakaa. Mtume Paulo anaandika juu ya utu wa nje unaochakaa huku wa ndani ukifanywa upya kila siku. Rebmann alifiwa, akaibiwa, akachekwa, akapofuka. Nani atathubutu kusimama pale Rabai aseme ilikuwa imani ndogo? Kwa hivyo ukiumwa, nenda hospitali, meza dawa, na sisi tuombe pamoja nawe. Mambo hayo hayagombani. Na wewe unayemtembelea mgonjwa, mpelekee uji na maombi, usimpelekee hukumu.

Tatu, afya ya roho haikai kwa mtu mmoja peke yake. Ile miaka ya upweke ilikuwa mizito kwa Rebmann, na Mungu hakumtumia malaika, alimtumia Nyondo. Nawe pengine Nyondo wako ameketi viti viwili nyuma yako Jumapili, na hujawahi kumwambia kwamba unazidiwa. Mwambie. Kukubali kushikwa mkono si aibu.

Rabai si mbali, mpendwa. Nyumba aliyoishi Rebmann ingalipo, karibu na kanisa la Mtakatifu Paulo na jumba la makumbusho lenye jina la Krapf. Ukipata nafasi wapeleke watoto wakaone.

Tuombe: Baba, tufundishe kuilisha roho kabla haijaona njaa. Waliochoka na wanaoumwa wiki hii, wape nguvu ndani na wape mkono wa kushika. Tunaomba katika jina la Yesu. Amina.