Bibi Khadija (R.A.): Mfanyabiashara wa Makka, Mama wa Waumini

Katika ukurasa wa maisha ya watu wema mwaka huu tumemchagua Bibi Khadija bint Khuwaylid (R.A.). Sote tunamjua kuwa ni mke wa kwanza wa Mtume (S.A.W.). Tusilolizingatia sana ni kwamba kabla ya ndoa hiyo alikwishakuwa na jina lake mwenyewe katika biashara ya Makka.

Alizaliwa katika ukoo wa Asad wa Kiquraishi, katika zama za Ujahili. Zama hizo wapo waliowazika watoto wa kike wakiwa hai, na mjane aliweza kurithiwa kama mali nyingine ya marehemu. Humo ndimo Bibi Khadija alimoishi akiendesha biashara yake, na kwa usafi wa mwenendo wake watu wakamwita At-Twahira, yaani aliyetakasika.

Maquraishi walitegemea misafara miwili, wa kipupwe na wa kiangazi, kama tunavyosoma katika Suratu Quraish. Wa kwanza ulikwenda Yemen, wa pili Sham. Bibi Khadija hakufuatana na ngamia. Alitoa mtaji, akachagua mtu wa kumpa, na akapatana naye mapema juu ya ujira au fungu lake. Mkataba wa kugawana faida namna hii wanazuoni wa fiqhi huuita mudharaba: mmoja hutoa mali, mwingine hutoa kazi, faida hugawanywa kwa mapatano, na hasara isiyotokana na uzembe huwa ya mwenye mali. Basi kila msafara ulipotoka, mali yake ndiyo iliyokuwa hatarini, na kinga yake ilikuwa kuwajua watu.

Alipopata habari za kijana mkweli aitwaye Muhammad (S.A.W.), alimpa mali aende nayo Sham pamoja na mtumishi wake Maysara. Muhammad (S.A.W.) alirudi na faida nzuri, na Maysara akaeleza tabia aliyoiona njiani. Bibi Khadija alikuwa mjane aliyekwisha kukataa posa za wakubwa wa Makka. Sasa yeye ndiye aliyemtuma Bibi Nafisa kupeleka habari za ndoa. Mtume alikuwa na miaka 25. Riwaya mashuhuri inasema bibi alikuwa na miaka 40, ingawa zipo zinazotaja umri mdogo zaidi. Tuzingatie hapa: mwanamke tajiri alitanguliza uaminifu mbele ya utajiri, na mbora wa viumbe hakuona unyonge kufanya kazi kwa mwanamke.

Wahyi uliposhuka katika pango la Hira mwaka 610, alikuwa wa kwanza kumwamini. Akamliwaza na kumpeleka kwa jamaa yake Waraqa bin Nawfal. Tangu hapo mali yake ikawa nguzo ya dini. Maquraishi walipowasusia Bani Hashim kwa kiasi cha miaka mitatu, wasiwauzie wala kununua kwao, yule bibi aliyezoea neema alivumilia njaa pamoja nao, na mpwa wake Hakim bin Hizam akawa anampelekea ngano kwa siri. Alifariki mwaka 619, muda mfupi baada ya kususiwa kwisha, akazikwa Hajun, Makka. Muda wote wa ndoa yao, miaka ipatayo 25, Mtume (S.A.W.) hakuoa mke mwingine. Na baada ya kufa kwake, kila alipochinja kondoo aliwapelekea nyama marafiki zake.

Ndugu zetu, ipo hatari ya kumsifu Bibi Khadija mimbarini huku tukiwadhulumu mabinti zake majumbani. Suratun Nisaa imewawekea wanawake fungu katika urithi na katika walichokichuma. Hata hivyo, wapo makaka wanaoishika nyumba ya marehemu baba yao na kuwanyamazisha dada zao kwa kanga mbili. Wapo waume wanaochukua mtaji wa mke wa maandazi bila ya kumwuliza. Bibi Khadija alitoa mali yake kwa ridhaa yake, na ndiyo maana ikawa sadaka. Inayochukuliwa kwa nguvu ni dhulma, hata mchukuaji akiwa mume au kaka.

Nanyi mabinti wa madrasa, jifunzeni hesabu na fiqhi ya biashara kwa bidii kama mnavyojifunza tajwidi. Anayejua mkataba wake si rahisi kudhulumiwa.

Allah (S.W.) amridhie Mama wa Waumini, na atujaalie kuwapa wenye haki haki zao. Amin.