Katharine Cook

Katharine Cook (jina la kuzaliwa: Katharine Timpson, 1863 - 1938) alikuwa muuguzi na mmisionari kutoka Uingereza. Anakumbukwa hasa kwa kuanzisha mafunzo ya wakunga nchini Uganda.

Maisha

Mwaka 1896 alitumwa Uganda na Church Missionary Society. Kwa kuwa ujenzi wa reli ulikuwa ndio kwanza umeanza, msafara wao ulitembea kwa miguu kutoka Mombasa, ukafika Mengo Februari 1897. Mwaka huohuo daktari Albert Cook, aliyekuwa katika msafara huo, alianzisha Hospitali ya Mengo, naye Katharine akawa mkuu wa wauguzi. Wawili hao walifunga ndoa mwaka 1900.

Mafunzo ya wakunga

Wakati huo watoto wachanga wengi walikufa, na kaswende ilihesabiwa kati ya sababu kuu. Hospitali moja isingeweza kuwafikia wajawazito wote, hivyo Katharine aliona ni lazima wasichana wa Kiafrika wenyewe wafundishwe ukunga. Ilifunguliwa shule ya wakunga ya Lady Coryndon huko Namirembe, iliyopewa jina la mke wa gavana. Mumewe aliandika kitabu cha ukunga kwa Kiganda, ili kutojua Kiingereza kusiwe kizuizi. Wahitimu walipelekwa kwenye vituo vya uzazi vijijini, ambavyo Katharine alivikagua. Mwaka 1931 Mengo ilianza pia kufundisha wauguzi.

Alifariki mwaka 1938. Hospitali ya Mengo bado inafundisha wauguzi na wakunga.