PAUL BROCA, MUNGANGA WA BONGO

Sisi wote tunazoea kusema: huyu iko na bongo, yule hana bongo. Mara hii tunawaletea maisha ya mtu aliyetazama bongo yenyewe.

Paul Broca alizaliwa tarehe 28 Juni 1824 kule Sainte-Foy-la-Grande, mji mdogo wa Ufaransa, upande wa Bordeaux. Jamaa yake walikuwa Waprotestanti, baba yake munganga. Alisoma kwa koleji ya Kiprotestanti ya mji uleule, kisha akaenda Paris, akawa mpasuaji wa hospitali ya Bicêtre.

Pale Bicêtre kulikuwa mgonjwa jina lake Leborgne. Watu walimwita Tan, sababu kila alipoulizwa neno alijibu tan, tan, basi. (Akikasirika sana aliweza kutoa laana moja yenye jina la Mungu. Hiyo hatutaiandika hapa.) Wengi wangesema ni mjinga bule. Lakini alipoulizwa amekaa hospitali miaka mingapi, alifungua vidole vyote vya mkono wa kushoto mara 4, kisha akaonyesha kidole 1. Hesabu ni sawa kabisa: miaka 21. Mkono wa kuume ulikuwa umekwisha kufa.

Tan akafa tarehe 17 Aprili 1861. Broca akafungua kichwa, akakuta bongo imeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Akachunguza na wagonjwa wengine waliopoteza usemi, na karibu wote walikuwa vilevile. Mwaka 1865 akatangaza kwamba kwa watu wengi nguvu ya kusema inatoka upande wa kushoto. Ndiyo lile eneo la Broca tunalosoma kwa biolojia. Kumbe kuwa na akili na kuweza kutamka ni mambo mawili.

Sasa habari ngumu. Mwaka 1859 Broca alikuwa ameanzisha Chama cha Antropolojia cha Paris. Huko alipima mafuvu na bongo, akafundisha kwamba wanaume wanapita wanawake akili, na Wazungu wanapita watu weusi, eti kwa sababu bongo zao ni kubwa. Wavulana wa kilasi yetu walicheka waliposikia ile ya wanawake, wakanyamaza waliposikia ile ya watu weusi. Inatushangaza sana. Habari ya vidole vya Tan aliiandika yeye mwenyewe, naye ndiye alishindwa kuona akili yetu! Anatole France, yule mwandishi aliyepewa zawadi ya Nobel mwaka 1921, alipokufa bongo yake ilipimwa: gramu 1000 na kidogo tu.

Broca aliingia seneta mwaka 1880, akafa Paris tarehe 9 Julai mwaka uleule, na miaka 56. Jina lake limeandikwa kwa mnara wa Eiffel. Bongo yake nayo ilitolewa, ikatiwa ndani ya chupa sawa na ile ya Tan. Walipoipima ilikuwa gramu 1424, kupita ya kawaida kidogo sana.