Mbaraka Mwinshehe

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka (27 Juni 1944 – 12 Januari 1979) alikuwa mwimbaji, mtunzi na mpiga gitaa la solo kutoka nchini Tanzania. Anahesabiwa kati ya wanamuziki wakubwa wa muziki wa dansi katika Afrika Mashariki. Alijulikana kwanza akiwa na bendi ya Morogoro Jazz, halafu akiwa kiongozi wa Orchestra Super Volcano, bendi aliyoianzisha mwenyewe mwaka 1973.

Maisha ya awali

Mbaraka alizaliwa Mzenga, katika eneo la Kisarawe mkoani Pwani, akakulia Morogoro. Mji huo uliopo kwenye reli ya kati ulikuwa na bendi mbili zenye upinzani mkali. Moja ilikuwa Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944, yaani mwaka uleule aliozaliwa Mbaraka. Ya pili ilikuwa Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Salum alifariki katika ajali ya gari mwaka 1965, na baada yake Juma Kilaza akawa nyota wa Cuban Marimba.

Morogoro Jazz

Mbaraka alijiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Haikuchukua muda mrefu gitaa na sauti yake vikawa ndiyo alama ya bendi. Upinzani kati yake na Kilaza uliwanufaisha wapenzi wa muziki, kwa kuwa kila upande ulilazimika kutoa nyimbo mpya na mitindo mipya ya kucheza. Morogoro Jazz ilitamba kwa mtindo wa Likembe.

Miaka hiyo vijana wengi wa Dar es Salaam walikuwa wamevutiwa na muziki wa soul wa Wamarekani weusi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali na chama vilisisitiza utamaduni wa taifa. Mnamo Novemba 1969 mkuu wa Mkoa wa Pwani, Mustafa Songambele, alipiga marufuku soul katika mkoa wake, ambao wakati huo ulijumuisha jiji la Dar es Salaam. Muziki wa dansi haukuguswa na marufuku hiyo, ingawa nao ulitumia magitaa ya umeme, na midundo yake mingi ilitoka Kuba na Kongo. Sababu mojawapo ya kukubalika kwake ni kwamba uliimbwa kwa Kiswahili na kuzungumzia mambo ya wananchi. Katika kazi hiyo Mbaraka alikuwa fundi.

Mwaka 1970 alikwenda Osaka, Japani, katika kundi lililowakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya kimataifa ya Expo 70. Safari hiyo aliitungia wimbo. Baadaye aliimba pia kuhusu Dkt. Wilbert Kleruu, mkuu wa Mkoa wa Iringa aliyeuawa siku ya Krismasi mwaka 1971.

Super Volcano

Mwaka 1973 Mbaraka aliiacha Morogoro Jazz na kuunda Orchestra Super Volcano iliyotumia mtindo wa Masika. Hilo lilikuwa jambo la kuthubutu. Bendi nyingi za Tanzania wakati huo zilikuwa mali ya vyama, mashirika ya umma au vikosi, na mwanamuziki aliyeondoka aliacha nyuma vyombo vya muziki na mara nyingi hata jina la bendi.

Kati ya nyimbo zake zinazojulikana zaidi ni Shida, Jogoo la Shamba, Mtaa wa Saba na Mashemeji Wangapi. Nyingi zinahusu mapenzi, ndoa, fedha na taabu za maisha ya kila siku.

Ukumbini, redioni na kwenye santuri

Ukumbini wimbo wa dansi uliweza kuendelea kadiri wachezaji walivyotaka, hasa katika chemko, sehemu ya mwisho ambapo gitaa la solo hutawala. Santuri ndogo haikuwa na nafasi hiyo. Kwa sababu hiyo wimbo mmoja mara nyingi uligawanywa, nusu ya kwanza upande mmoja na nusu ya pili upande wa nyuma.

Katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) bendi ilirekodiwa ikipiga yote kwa pamoja, na kanda zilibaki kuwa za redio. Tanzania Bara haikuwa na televisheni, na RTD ilisikika hadi mikoa ya mbali, kama Rukwa. Watu wengi wa huko walimjua Mbaraka kwa sauti tu.

Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri, hivyo santuri zake zilitengenezwa Kenya. Huko alikuwa na wapenzi wengi kama nyumbani.

Kifo

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Mpaka huo haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Mbaraka hata hivyo aliendelea na kazi ya muziki nchini Kenya. Tarehe 12 Januari 1979 alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34. Kama Salum Abdallah kabla yake, alikufa barabarani akiwa kileleni mwa umaarufu.

Urithi

Super Volcano haikuweza kurudisha hadhi yake baada ya kumpoteza kiongozi wake. Nyimbo zake zilikusanywa na kutolewa upya katika mfululizo wa albamu uitwao Ukumbusho, na bado hupigwa redioni katika vipindi vya zilipendwa. Wapiga solo wa Tanzania na Kenya waliomfuata wameendelea kujifunza kutoka kwake. Waliomwona jukwaani wanazidi kupungua, na kizazi cha leo kinamfahamu kupitia kanda na santuri zilizosalia.