Lillian Penson: Ngazi Hupandwa Kutoka Chini

Ni nadra kusikia jina la Lillian Penson likitajwa madarasani mwetu, ilhali mkono wake umo katika historia ya vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. Namkumbuka kwa sababu kila unapozuka mjadala kuhusu uhaba wa wanawake katika uongozi wa vyuo, nasikia jibu lile lile: kwamba wakipatikana wanaofaa, watateuliwa. Maisha ya Penson yanaonyesha kuwa anayefaa huandaliwa kwa miaka mingi.

Penson alizaliwa London mwaka wa 1896. Alisomea historia katika chuo cha Birkbeck, kilicho mashuhuri kwa masomo ya jioni, akahitimu mwaka wa 1917. Mwaka wa 1921 alipata shahada ya uzamifu, akiwa miongoni mwa watu wa mwanzo kutunukiwa shahada hiyo na Chuo Kikuu cha London. Alifundisha Birkbeck hadi mwaka wa 1930, alipofanywa profesa wa historia katika Bedford, chuo kilichoasisiwa mwaka wa 1849 kwa ajili ya wanawake.

Wasomi wengi huziona kamati kuwa mzigo unaowapotezea wakati. Penson alitambua kwamba humo ndimo maamuzi yanamofanyiwa. Mwaka wa 1938 alikuwa Mkuu wa Kitivo cha Sanaa. Mwaka wa 1945 akawa mwenyekiti wa Baraza la Taaluma. Alipoteuliwa Naibu wa Chansela mwaka wa 1948, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo nchini Uingereza, hakuwa mgeni wa jambo lolote lililomsubiri mezani.

Mwaka huo huo ndipo Chuo Kikuu cha Cambridge kilipoanza kuwapa wanawake shahada kamili. London ilikuwa imewafungulia mlango huo tangu mwaka wa 1878. Miaka 70 ilipita, basi, kati ya kumruhusu mwanamke kuhitimu na kumkabidhi usukani.

Sisi tunahusikaje? Penson alikuwa mjumbe wa Tume ya Asquith, iliyochunguza elimu ya juu katika makoloni kati ya mwaka wa 1943 na 1945. Kutokana na mapendekezo yake, Makerere iliingia katika uhusiano maalumu na London mwaka wa 1949, Penson akiwa usukanini. Nairobi ilifuata mwaka wa 1961. Simpambi kupita kiasi: tume ile ilikuwa chombo cha serikali ya kikoloni, na shahada za vijana wetu zikawa chini ya mamlaka ya ng'ambo. Lakini urithi huo tunao, mema na mabaya yake.

Penson alifariki mwaka wa 1963. Kenya ilingoja hadi mwaka wa 2006 ndipo Profesa Olive Mugenda akawa mwanamke wa kwanza kuongoza chuo kikuu cha umma, Chuo Kikuu cha Kenyatta. Tusiishie kuhesabu walio kileleni. Tuulize ni nani anayeongoza idara, ni nani anayeteuliwa katika bodi za vitivo, na ni mhadhiri yupi kijana anayenyimwa nafasi ya kuendesha hata kamati ndogo kwa kisingizio cha majukumu ya nyumbani. Anayezuiwa kukanyaga kidato cha kwanza hawezi kulaumiwa kwa kutoonekana juu.