Kibatari cha Kolo na Mtu wa Basra

Shaaban iliyopita nilikuwa Kolo, Kondoa, kwa shughuli ya arusi. Wasafiri wengi wa Dodoma na Babati wanaijua Kolo kwa kuipita tu, hasa tangu barabara ile ilipozinduliwa ikiwa na lami yote mwaka 2018. Usiku wa pili, baada ya Isha, umeme ulikatika. Mimi mtu wa Dar es Salaam kero hiyo nimeizoea, nikajinyoosha kitandani. Mwenyeji wangu, mzee wa Kirangi, akaweka taa mbili uani: kibatari cha mafuta ya taa, na taa ndogo ya sola iliyoshinda juani mchana kutwa. Mwezi ulikuwa wa siku kumi na mbili hivi, umekwisha panda. Mlango wa chumba changu ulikuwa wa mbao, na una tundu moja dogo.

Kupitia tundu lile yakaingia madoa matatu ya mwanga. La kibatari lilikuwa la njano, linatikisika juu ukutani. La sola lilikuwa jeupe, limetulia pembeni yake. La mwezi lilikuwa hafifu, sakafuni, karibu na kizingiti. Mara upepo ukazima kibatari. Doa la njano likatoweka palepale, na yale mawili hayakubadilika hata kidogo. Tundu ni moja, mianga yote mitatu ilipita hapo kwa wakati mmoja, lakini hakuna uliochanganyika na mwenzake.

Sikulala upesi. Nilikuwa nikimfikiria mtu aliyefanya jambo kama hilo kwa makusudi, karibu miaka elfu moja iliyopita, akaandika alichokiona. Ni Abu Ali Al-Hasan Ibn Al-Haytham. Wengi wetu tunamjua kwa jina tu, na wapo vijana waliomsoma shuleni kwa jina la Kizungu, Alhazen, wasijue kuwa ni Muislamu.

Alizaliwa Basra, Iraq, kiasi cha mwaka 354 Hijria (965). Alisoma hesabu, falsafa na elimu ya nyota. Kilichomtoa kwao, kwa mujibu wa waandishi wa tarikh, ni mto Nile, ambao tawi lake moja linaanzia hapa kwetu, ziwa Nyanza. Inasimuliwa alisema kwamba lau angekuwa Misri, angeufanyia mto ule kazi ya kuwafaa watu maji yakijaa na yakipungua. Maneno yakamfikia Al-Hakim, khalifa wa Kifatimi aliyetawala kuanzia 996 hadi 1021. Akamwita, na mwenyewe akatoka nje ya mji wa Cairo kumpokea.

Akapewa mafundi, wakapanda na mto mpaka Janadil, karibu na Aswan. Njiani aliyaona majengo ya Wamisri wa kale, jinsi yalivyopimwa na kujengwa. Akajiuliza, watu wenye ujuzi kama huu, jambo hili lingewezekana, wangeliacha? Alipoyakagua maji akakuta haiwezekani. Akarudi, akakiri.

Ndugu msomaji, Al-Hakim hakuwa mtu wa kuchezewa. Mawaziri wake waliouawa kwa amri yake ni zaidi ya mmoja. Nasi tunaowajua wataalamu wa miradi tunaelewa ugumu wa kukiri namna ile fedha ikishatolewa. Ibn Al-Haytham akapewa kazi ya ofisini, akaipokea kwa hofu, kisha akajifanya mwendawazimu. Mali yake ikawekewa msimamizi, yeye akafungiwa nyumbani, mpaka khalifa alipotoweka mwaka 1021. Baada ya hapo akili zikamrudia.

Nisiwafiche: kisa hiki kinatoka kwa Ibn Al-Qifti, aliyefariki 1248, karne mbili baada ya mwenyewe. Ipo riwaya nyingine inayosema wazimu ule aliufanya Iraq, ili aachishwe kazi ya serikali. Zote mbili zinakubaliana kuwa aliikimbia ofisi. Maisha yake yaliyobaki aliyamalizia karibu na msikiti wa Al-Azhar. Kila mwaka alinakili kwa mkono vitabu vya hesabu na nyota vya Euclid na Ptolemy, akaviuza kwa dinari 150, akaishi kwa hizo. Alifariki kiasi cha mwaka 430 Hijria, yaani 1040 hivi.

Kitabu chake kikubwa ni Kitab Al-Manazir, juzuu saba, juu ya mwanga na kuona. Euclid na Ptolemy, haohao aliokuwa akiwanakili ili apate mkate, walisema jicho ndilo linalotoa miale kwenda kwenye kitu. Yeye aliwaheshimu, lakini hakuwafuata. Ukilitazama jua jicho linauma, kwa hiyo kinachouma kinatoka nje kuja ndani. Akauchukua mwanga mmoja mmoja: wa jua, wa mwezi, wa moto, wa taa, wa alfajiri kabla jua halijachomoza, hata wa ukuta uliopigwa na jua. Akatenga mwanga wa kitu chenyewe na mwanga wa kuazima. Kisha akaupima katika vyumba vya giza vyenye tundu, akapanga taa kadhaa nje, akaiziba moja na kuiachia. Akathibitisha kwamba uwe wa asili au wa kuwashwa na mtu, wa kwake au wa kuazima, mwanga wote unakwenda kwa mstari ulionyooka.

Ninayasikia mawaidha yanayosema yeye ndiye aliyegundua kamera. Tusimwongezee. Habari ya tundu na chumba cha giza ilijulikana kabla yake. Kilicho chake ni kupima bila kuchoka. Linaloniuma mimi ni jingine. Kitabu kile kilitafsiriwa kwa Kilatini kiasi cha mwaka 1200, na kikachapishwa Basel mwaka 1572. Katika nchi za Kiislamu za mashariki hakikushughulikiwa sana mpaka alipokuja Kamal Al-Din Al-Farisi, aliyefariki kiasi cha 1319, akakisherehesha na kuueleza upinde wa mvua kwa tufe la kioo lililojaa maji.

Asubuhi nilipanda Mungumi, kwenye michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2006. Jua lilikuwa halijafika chini ya mwamba, na kijana aliyetuongoza alikuwa na tochi mkononi. Hakuiwasha. Watu wale warefu wembamba, wa rangi nyekundu, walionekana wote kwa mwanga wa mbingu peke yake.

Niliporudi nilimweleza mwenyeji wangu habari za lile tundu. Umeme ulikuwa umekwisha rudi, lakini usiku ule mjukuu wake alizima taa ya chumbani, akafunga mlango, akanituma mimi mzima uani nikawashe kibatari na kukizima, mara tatu.